Waliozama Nyangwe

Blankenberge, katika pwani ya Ubelgiji, ulikuwa mji wa wavuvi. Kando ya bahari pana mnara uliozinduliwa mwaka 1900, kazi ya mchongaji Guillaume Charlier. Mgeni angedhani ni kumbukumbu ya mabaharia waliozama, maana miji ya wavuvi ya pande zile huwajengea watu wao waliochukuliwa na maji. Mnara huu ni wa askari wawili, Lippens na De Bruyne, waliouawa kwetu Kasongo, Maniema, mashariki mwa Kongo, mwezi Desemba 1892.

De Bruyne alikuwa mtoto wa Blankenberge. Lippens alikuwa mwakilishi wa Dola Huru ya Kongo mjini Kasongo, na De Bruyne msaidizi wake. Vita kati ya Dola hiyo na wafanyabiashara Waarabu vilipokaribia, Sefu bin Hamed, mwana wa Tippu Tip, tajiri wa biashara ya pembe na watumwa, aliwashika mateka. De Bruyne akapelekwa mpaka mto Lomami ili aseme na Wazungu wenzake waliokuwa ng'ambo. Wenzake walikuwa tayari kumkinga kwa bunduki kama angejitosa majini na kuogelea. Hakukubali, kwa sababu Lippens alikuwa bado mikononi mwa watu wa Sefu. Akarudishwa Kasongo, na wote wawili wakafa. Huo ni ushujaa, na mji wake una haki ya kumkumbuka.

Lakini Kasongo nayo ina wafu wake wa majini, na hao hawana mnara.

Nyangwe iko juu ya ukingo wa Lualaba, kaskazini mwa Kasongo. Waungwana, yaani wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani, walipojenga pale, palikuwa na soko kubwa lililokusanya watu wa pande zote mbili za mto. Wanawake ndio waliokuwa mhimili wake. Walivuka kwa mitumbwi ya Wagenya, mabwana wa mto, wakiwa na samaki, vyungu, chumvi, mawese na kuku. Mmisionari na msafiri David Livingstone aliishi hapo miezi kadhaa ya mwaka 1871, baada ya kulazwa kwa muda mrefu Kabambare na vidonda vya miguu. Aliomba mitumbwi ya kushukia mto akanyimwa, basi akawa anakwenda sokoni kutazama watu. Karatasi zilimwishia, akaandika juu ya gazeti kuukuu la The Standard, kwa wino wa mimea. Kurasa hizo zilififia mno, na ni mwaka 2011 ndipo wataalamu walipoweza kuzisoma vizuri kwa picha za mwanga maalumu.

Tarehe 15 Julai 1871 walikuwapo sokoni watu wapatao 1,500. Watu watatu wa Dugumbe, mkubwa wa msafara uliokuwa umefika Nyangwe, waliingia na bunduki, jambo ambalo halikuwa desturi ya soko. Mmoja wao aligombania bei ya kuku. Mara risasi zikalia katikati ya watu. Wanawake wakatupa mizigo, wakakimbilia kijito ambamo mitumbwi zaidi ya hamsini ilikuwa imefungwa, na huko kundi jingine likawa linawamiminia risasi. Mitumbwi ilibanana isitoke. Wengi walisahau kafi. Walioshindwa kupanda walijitupa mtoni wakaogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali, mkondo ukiwapiga kwenye bega la kushoto. Vichwa vilionekana vimefuatana kwa mstari mrefu juu ya maji, kisha kimoja baada ya kingine vikazama. Mitumbwi mitatu iliyokuja kuokoa ilijaa kupita kiasi, nayo ikazama.

Dugumbe mwenyewe alipeleka mtumbwi, wakaokolewa 21. Mwanamke mmoja alikataa kushikwa mkono. Aliona kuokolewa na watu wale ni kuingia utumwani, akachagua mto.

Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Ng'ambo ya mto vijiji viliendelea kuchomwa siku hiyo hiyo na iliyofuata. Habari hizo zilipofika Uingereza mwaka 1872 ziliwapa nguvu waliopinga biashara ya watumwa, na mwezi Juni 1873 Sultani Barghash akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Nyangwe haikupata nafuu. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliendelea kupitia Kasongo na Kabambare kwenda Ujiji, mpaka Dhanis, kamanda wa jeshi la Dola Huru ya Kongo, alipoiteka Nyangwe mwezi Machi 1893 na Kasongo mwezi Aprili. Kabambare ilianguka Januari 1894, na Rumaliza, mkubwa mwingine wa wafanyabiashara hao, akakimbilia upande wa Wadachi, yaani Wajerumani. Vita hivyo navyo vilimwaga damu nyingi ya watu weusi wa pande zote mbili, na kumbukumbu za Ulaya huwataja kwa jumla tu: askari, wapagazi, wafuasi.

Najua kwa nini sisi wa Maniema ya kusini tunalikwepa jambo hili. Kiswahili tunachosema, misikiti tunamosali, mpunga tunaolima, vilikuja na Waungwana wale wale. Katika nyumba moja ya Kasongo unaweza kukuta damu ya aliyepiga risasi na damu ya aliyekimbia. Hiyo si sababu ya kunyamaza. Mtoto anayefundishwa kuhusu boma la Tippu Tip pale Kasongo-Tongoni afundishwe pia kuhusu kijito cha Nyangwe.

Kwa hiyo naomba, kwa wakuu wa teritwari ya Kasongo, machifu, maimamu na mapadri: lijengwe jiwe ukingoni mwa Lualaba, pale soko lilipokuwa. Liandikwe tarehe 15 Julai 1871, na kwamba hapa walikufa wanawake, wanaume na watoto waliokuja sokoni. Na kabla ya kulijenga, waulizwe wazee wa Kigenya wa pande zote mbili za mto kama kuna majina wanayoyakumbuka, ili yachongwe juu yake.