Mashini Yenye Iko na Pacha: Historia Fupi ya Lisansi za Programu

Wasomi wenzangu, lisansi yenye tunazungumuzia leo si ile ya iniversite. Ni ile ruhusa unalipa ili utumie programu ndani ya kompyuta yako. Swali ni hili: programu inajua namna gani kama iko kwako, si kwa jirani?

Zamani swali hili halikusumbua watu sana. IBM ilikuwa inatoa programu pamoja na mashini, kwa bei moja. Juni 1969 ikatangaza kwamba programu nyingi zitauzwa mbali na mashini. Tangu pale programu ikawa mali ya kulindwa, na wauzaji wakatafuta fasi ya kuifunga. Mashini kubwa za System/370 zilikuwa na numero ya prosesa, programu ingeweza kuisoma. Numero ikilingana, kazi inaendelea.

Lakini IBM hiyo hiyo, mwaka wa 1972, ikatangaza VM/370: mfumo wenye kugawa mashini moja ya chuma kuwa mashini nyingi za kuigiza, ndizo tunaita mashini virtuali. Programu ndani yake inajiona iko peke yake. Ikiuliza numero, jibu linapitia kwa mfumo. Katika matoleo ya karibuni ya mfumo huo kuko hata amri ya kubadilisha numero ile.

Mwaka wa 1999 VMware ikaleta mambo haya kwenye kompyuta za kawaida. Mwaka ule ule Intel ikaweka numero ya biti 96 ndani ya Pentium III. Watu wakalalamika juu ya siri yao, Intel ikaiacha. Hata ingebaki, haingetosha: prosesa moja inaweza kubeba mashini virtuali kumi.

Hapa njo kuko mafundo. Mashini virtuali ni mafaili tu. Unaikopi kama picha. VMware inaipatia kitambulisho cha biti 128, lakini ukiitoa fasi moja na kuipeleka ingine, inakuuliza: umeihamisha ao umeikopi? Ukisema umeihamisha, kitambulisho kinabaki. Ukisema umeikopi, kinabadilika. Basi mwizi atasema amehamisha, na mtu wa kweli mwenye kurudisha kopi yake kisha kompyuta kuharibika anaweza kupoteza lisansi aliyolipa.

Sisi wa agronomia tunajua hii. Ukikata shina moja la muhogo vipande kumi na kupanda, huwezi kuvitofautisha kwa kuangalia damu yao. Unaandika kibao: mustari wa tatu, shimo la tano. Utambulisho unatoka inje.

Ndiyo njia iliyofuatwa. Windows Server 2012 ilikubali numero yenye inatolewa na mwenyeji wa mashini, na inabadilika mashini ikikopiwa ao ikirudishwa nyuma. Ilikuwa kwa kulinda data, si lisansi. Toleo lililofuata, 2012 R2, likaruhusu mwenyeji mwenye lisansi kufungulia mashini zake za ndani. Wengine wanatumia serveri yenye kuhesabu ni ngapi zinafanya kazi kwa saa ile.

Kwetu, fasi umeme na intaneti vinakatika, hii si maneno ya wafundi tu. Mbele ya kununulia koperative programu, uliza: lisansi imefungwa kwa nini? Kwa chuma, kwa mwenyeji, ao kwa serveri ya mbali? Jibu litakuonyesha ni siku gani unaweza kufungiwa inje ya kazi yako mwenyewe, hata kama umelipa.