Makaburi ya Wazee Wetu: Mwenyewe Ni Nani?



Vijana wenzangu, kila Idi ikikaribia wengi wetu hupita makaburini kuwazuru wazee wetu. Tunang'oa magugu, tunawaombea dua, tunarudi nyumbani. Hatumuombi mtu ruhusa, kwa sababu makaburi ni yetu. Mtume (S.A.W.) mwanzo alikataza kuzuru makaburi, kisha akaruhusu, kwa kuwa ziyara humkumbusha mtu akhera.

Lakini hapa pwani yako makaburi mengine ya Waislamu ambayo mlangoni kuna bango la serikali na karani wa tiketi. Waliolala mle ndani walikuwa wakiswali kama sisi na wakielekea kibla hii hii. Leo ardhi yao ni mali ya umma. Je, ni haki ibaki hivyo, au irudishiwe wenyeji? Na ikirudishwa, arudishiwe nani? Hebu tulitazame jambo hili pole pole.

TAKWA NA WATU WA SHELA

Tuanzie kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Maji yakijaa, mashua hupita katikati ya mikoko mpaka karibu na magofu ya Takwa. Mji huu ulistawi katika karne ya 16 na ya 17, kisha watu wakauhama. Wataalamu wengi wanaona sababu kubwa ilikuwa shida ya maji matamu. Uliobaki ni ukuta wa mji, nyumba za mawe ya matumbawe, msikiti wa Ijumaa wenye mnara juu ya ukuta wa kibla, na nje ya ukuta wa mji kaburi moja kubwa la mnara. Kaburi hilo limeandikwa mwaka 1094 wa Hijria, yaani mwishoni mwa karne ya 17.

Waliohama hawakwenda mbali. Walivuka wakakaa Shela, na hawakusahau. Watu wa Shela wana desturi ya kurudi Takwa mara mbili kwa mwaka, wakakusanyika penye lile kaburi na kumuomba Mwenyezi Mungu mvua. Wako masheikh wanaoikubali desturi hii na wako wanaoipinga, wakihofia watu wasije wakamuomba maiti badala ya Mola wake. La fikihi tuwaachie wenye elimu. Mimi nataka tuone kitu kimoja tu: miaka mia tatu na zaidi imepita na bado wako watu wanaojua kuwa wale ni wazee wao. Huo ni ushahidi mzito kuliko karatasi. Lakini mbele ya sheria, karatasi ndiyo inayosema.

YALIVYOINGIA MIKONONI MWA SERIKALI

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta Sheria ya Hati za Ardhi kwa ajili ya pwani. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa ajitokeze aandikishe madai yake. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Sasa fikiria, ni nani angekwenda ofisini kuandikisha mahame na makaburi? Wenyeji wengi hata habari hawakuipata, na wengine hawakuona kwa nini mtu aombe hati ya kaburi la babu yake. Muda ukapita, mlango ukafungwa.

Baadaye zikaja sheria za kuhifadhi mambo ya kale. Gedi, karibu na Malindi, ilitangazwa kuwa mahali pa kihistoria mwaka 1927, na mwaka 1948 ikafanywa hifadhi ya taifa chini ya James Kirkman, ambaye alifukua magofu yale kwa miaka kumi. Ndani yake mna kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Uhuru ulipopatikana, ardhi ya Mfalme ikawa ardhi ya serikali. Leo sehemu hizi zinasimamiwa na Makumbusho ya Kitaifa chini ya sheria ya mwaka 2006. Kwa hiyo bendera ilibadilika, lakini hati haikurudi kijijini.

TUSEME HAKI

Uislamu unatufundisha kusema haki hata kama ni dhidi ya nafsi zetu. Kama serikali isingeweka ulinzi Gedi na Jumba la Mtwana, huenda mawe ya misikiti ile yangechukuliwa kujengea majumba, na sisi wenyewe ndio tungeyachukua. Yako makaburi ya kale mangapi yaliyo mikononi mwetu, na watu wanafanya jaa, wengine wanafunga mbuzi pale pale?

Lakini pia ni haki kusema kuwa kuitwa mali ya umma si kinga. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kama zawadi za harusi, pamoja na sehemu za kihistoria. Wamijikenda wanalijua hili vizuri. Kaya zao ni misitu mitukufu ambamo wamezikwa wazee wao, na baadhi, kama Kaya Kinondo, ni za Wadigo ambao wengi wao ni Waislamu wenzetu. Katika miaka ya 1990, kwenye kisiwa cha Chale, hoteli ilijengwa ndani ya ardhi ya kaya, na wazee walilalamika mpaka sauti zikawakauka. Kuanzia mwaka 1992 kaya zilianza kutangazwa kuwa urathi wa taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza katika orodha ya urathi wa dunia. Ulinzi umezidi, na wazee wa kaya wanashirikishwa. Lakini kushirikishwa ni kitu kimoja, na kuwa mwenyewe ni kitu kingine.

WENZETU WALIFANYAJE?

Wako wanaosema ati haiwezekani serikali itoe ardhi ya umma kwa ajili ya makaburi. Inawezekana. Mwaka 2014 Marekani ilipitisha sheria ya kukabidhi makaburi ya kale yaliyokuwa ndani ya msitu wa serikali wa Black Hills, jimbo la South Dakota. Wenyeji walikuwa wakiyatunza na kuzikana humo tangu zamani, lakini kwenye vitabu ardhi ilikuwa ya serikali. Bunge likaamua wapewe wao, kwa sharti kwamba ardhi iendelee kutumika kama ilivyokuwa ikitumika.

Lakini kisa hiki kina upande wa pili. Milima hiyo ya Black Hills ilinyang'anywa Wahindi Wekundu wa kabila la Lakota katika karne ya 19. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikubali kuwa walidhulumiwa, ikaamuru walipwe fedha. Wakazikataa, wakasema wanataka milima yao, na milima hawajarudishiwa. Yaani waliokuja nyuma wamepewa makaburi yao kwa sheria ya kurasa chache, na waliotangulia bado wanangoja. Kwa hiyo tukisema "wapewe wenyeji", lazima tuulize: wenyeji gani?

Swali hili tunalo hata hapa. Takwa jibu liko wazi, ni Shela. Gedi si rahisi. Waliojenga mji ule walitawanyika, na majirani wa leo, wengi wao Wagiriama, walifika baadaye. Hata hivyo wao pia wana heshima na masimulizi yao juu ya mahali pale, na wamekaa napo vizazi vingi. Kuwafukuza kwa jina la Uislamu itakuwa dhulma ile ile kwa mkono mwingine.

DAWA TUNAYO

Serikali ina hofu moja ya kweli: jamii ikipewa hati, kesho itakuja njaa au tamaa, na kaburi litauzwa ploti. Hofu hii dini yetu iliijibu zamani. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi Khaybar alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka ushauri, akaifanya wakfu: asili yake haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na manufaa yake yanawaendea watu. Hayo ndiyo yanayotakiwa hapa. Jamii iwe mwenyewe, lakini isiwe na uwezo wa kuuza.

Sheria za Kenya nazo hazikufunga mlango. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inahesabu sehemu takatifu zinazotumiwa na jamii kuwa ardhi ya jamii, na inaliruhusu Bunge kutangaza ardhi nyingine kuwa ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka jamii ijiandikishe na ichague kamati ya watu 7 hadi 15. Makumbusho yanaweza kubaki na kazi ya utaalamu, kama kukarabati na kufukua, na wenyeji wakawa na hati, sauti, na sehemu ya kile kiingilio.

KAZI YETU VIJANA

Mwaka 1908 tulipoteza kwa sababu hatukuandikisha. Tusipoteze tena kwa sababu ile ile. Kila tawi la vijana lichague makaburi mamoja ya kale katika mtaa wake. Tuyafyeke. Tuwaulize wazee, kabla nao hawajaondoka, ni akina nani wamelala pale na mipaka iko wapi, tuandike na kupiga picha. Kisha twende ofisi ya ardhi tujue yameandikwa kwa jina la nani. Wengine tutashtuka.

Anayefika ofisini na daftari, picha na kaburi lililofagiliwa ana neno la kusema. Anayefika na kelele peke yake ataambiwa arudi kesho.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, atukubalie saumu zetu, na atufanye warithi wanaostahili. Amin.

Wabillahi tawfiq.