Majengo na Suala la Kitovu katika Fasihi

Mnamo Oktoba 1966, Jacques Derrida, mwanafalsafa wa Ufaransa, alihutubia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, akahoji dhana ya kitovu kinachotawala maana. Fikra za usasaleo zilizoenea baadaye katika idara za fasihi za Marekani zilichota mengi katika hoja hiyo.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 24, 1968, suala la kitovu lilizuka Nairobi kwa njia nyingine. Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, aliyekuwa ametoka kusomea uandishi Iowa, walitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na Afrika iwekwe katikati ya masomo. Yafaa tofauti hii izingatiwe: Derrida alikitilia shaka kitovu chenyewe, waraka wa Nairobi ulikihamisha.

Majengo ya Pumwani yatoa mfano wa tatu. Mtaa huo, ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, uliwakutanisha watu wa pwani na wa bara. Wengi hawakuzaliwa na Kiswahili, lakini walikifanya chao. Baadaye Sheng ikastawi katika mitaa hiyo ya Mashariki ya Nairobi.

Basi mwalimu wa Kiingereza anayeuona mseto wa lugha wa mwanafunzi wake kuwa kosa tupu huipuuza historia hiyo. Hapana budi kumfundisha Kiingereza sanifu. Lakini si lazima kumfundisha kwamba Kiingereza ndicho kitovu.