Hashimoto na Mashahidi Waongo

Wengi wanaoitaja filamu ya Rashomon huitaja kwa jambo moja tu: kwamba ukweli haupo, kila mtu ana wa kwake. Sikubaliani nao. Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya karani wa mahakama nikiandika maneno ya mashahidi, na filamu ninayoiona mimi inasema jambo jingine, zito zaidi. Ili kulionyesha, nitamweka pembeni kidogo Akira Kurosawa, mwongozaji aliyevuna sifa, nimfuate kijana aliyeandika mswada wa kwanza. Jina lake Shinobu Hashimoto.

Hashimoto alizaliwa mwaka 1918. Aliingia jeshini, lakini kifua kikuu kilimshika kabla hajafika vitani, akalazwa pamoja na askari wengine wagonjwa. Wodini mwenzake mmoja alimpa jarida la filamu lililokuwa na mswada ndani. Akausoma, akaona hata yeye anaweza, akauliza ni nani anayeandika vizuri kuliko wote nchini Japani. Akatajiwa Mansaku Itami. Akaandika mswada wake, akampelekea, na Itami akamjibu. Ndivyo alivyopata mwalimu.

Mwalimu huyo ndiye ufunguo. Agosti 1946, mwaka mmoja baada ya Japani kusalimu amri, Itami alichapisha makala kuhusu nani abebe lawama ya vita. Alisema kila mtu anadai alidanganywa, wala hapatikani hata mmoja anayekiri kwamba alidanganya. Raia anamnyooshea kidole askari na ofisa wa serikali, hao wanawanyooshea wakubwa wao, wakubwa wanawanyooshea walio juu zaidi, mpaka ngazi inaishia kwa mtu mmoja au wawili, ambao kwa akili ya kawaida wasingeweza peke yao kudanganya taifa zima. Kwa Itami, hata kukubali kudanganywa ni kosa. Alifariki Septemba ya mwaka huohuo. Wakati huo kesi ya viongozi wa vita ilikuwa ikiunguruma Tokyo, nayo haikumalizika hadi 1948.

Mwanafunzi wa mtu huyu ndiye aliyeichukua hadithi fupi ya Ryunosuke Akutagawa ya mwaka 1922, yenye maiti ya samurai msituni, kauli saba, na msomaji anayeachwa bila jawabu. Kurosawa aliuona mswada wa Hashimoto kuwa mfupi, wakauongezea lango bovu la Rashomon kutoka hadithi nyingine ya Akutagawa. Filamu ikatoka Agosti 1950, nchi ikiwa bado chini ya Wamarekani. Mengi yameandikwa kuhusu jinsi mpigapicha Kazuo Miyagawa alivyothubutu kuielekeza kamera kwenye jua, na jinsi maji ya mvua yalivyotiwa wino mweusi ili yaonekane. Mimi nataka kukaa mahakamani.

Hakimu haonekani, wala sauti yake haisikiki. Mashahidi wameketi chini uani, wanatutazama sisi, wanajibu maswali ambayo hatukuyasikia. Kiti cha hakimu amepewa mtazamaji. Jambazi Tajomaru, aliyeigizwa na Toshiro Mifune, anasema alimuua samurai kwa upanga, uso kwa uso, katika pambano la kiume. Mke wa samurai, Machiko Kyo, anasema jambia lilikuwa mkononi mwake, akazimia, na alipozinduka lilikuwa limezama kifuani mwa mumewe. Marehemu mwenyewe, Masayuki Mori, anasema kwa kinywa cha mwanamke mwenye kupandisha mizimu kwamba alijiua.

Hakuna anayekana. Kila mmoja anajitwika damu ileile. Mezani kwangu nilizoea waongo wanaolikimbia kosa. Hawa wanalikimbilia, kwa sababu wanaogopa aibu kuliko kifo. Jambazi haogopi kukatwa kichwa, anaogopa kujulikana kuwa ni mwoga. Samurai hata kaburini hajaacha kulinda heshima yake.

Mwishoni mkata kuni, Takashi Shimura, anaeleza alichokiona: panga zinatetemeka mikononi, wanaume wawili wanakimbiana, wanaanguka, wanatambaa kwa hofu. Baada ya majigambo yote yale, huo ndio uliokuwa ushujaa wao. Lakini naye ana lake. Jambia lenye thamani limetoweka, na dalili zote zinamwelekea yeye. Akutagawa hakumpa mkata kuni ushuhuda huu, wala hakumfanya mwizi. Hashimoto na Kurosawa ndio walioongeza. Kwangu hicho ni kielelezo kwamba hawakuamini katika ukweli wa kila mtu na wake. Palitokea jambo moja msituni. Kila uongo uliosemwa juu yake una sababu, na anayeijua sababu hiyo hayuko mbali na lililotokea.

Filamu ilipotunukiwa Simba wa Dhahabu mjini Venice mwaka 1951, Kurosawa hakuwa na habari hata kwamba imepelekwa huko. Aliyeipigania ni Giuliana Stramigioli, mwanamke wa Kiitalia aliyekuwa Tokyo. Kurosawa anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba mkuu wa studio ya Daiei, ambaye filamu ilimchukiza ilipotoka, baadaye alijitokeza kwenye televisheni kana kwamba sifa zote ni zake, na kwamba kumtazama kulikuwa kama kuitazama Rashomon upya. Huo ni ushahidi wa upande mmoja, na ni haki kusema hivyo. Kurosawa mwenyewe alilijua hilo, maana alizikomesha kumbukumbu zake hapohapo kwenye Rashomon, akijua jinsi mtu anavyojipamba anapojieleza.

Hashimoto hakuacha kuwaandika waongo. Mwaka 1962 aliandika Seppuku, iliyoongozwa na Masaki Kobayashi, inayoanza kwa daftari la ukoo mmoja mkubwa katika mwaka 1630 na kuisha kwa daftari hilohilo likiandikwa uongo, waliouawa wakihesabiwa kuwa walikufa kwa maradhi. Sijaona filamu iliyoniuma zaidi, kwa sababu anayeandika uongo ule ni karani.

Na kabla yake, 1956, aliandika Mahiru no Ankoku, ya mwongozaji Tadashi Imai, kutokana na kesi iliyokuwa bado mahakamani. Januari 1951 mume na mke wazee waliuawa huko Yakai, mkoani Yamaguchi. Muuaji alikamatwa, akakiri, kisha akawataja wanaume wengine wanne kuwa wenzake, jambo lililowafaa polisi, ambao hawakuamini kwamba mtu mmoja angeweza kufanya vile. Aliyewataja alifungwa maisha. Mmoja wa waliotajwa alihukumiwa kifo. Filamu inaisha mshtakiwa akimlilia mama yake kutoka nyuma ya nondo kwamba bado ipo Mahakama ya Juu. Oktoba 1968, mahakama hiyo iliamua kwamba muuaji alikuwa peke yake, ikawaachia huru wote wanne.