Kifundo cha Mkono na Baiskeli: Historia na Mafunzo Yake

Leo tutazungumza juu ya kifundo cha mkono cha mtoto anayeendesha baiskeli nje ya barabara: kwenye mawe, vijia vya shambani na miteremko. Tutapitia historia kidogo, kwa sababu ina mafunzo mengi ya kutufaa nyumbani.

Mtu akianguka, hutanguliza mikono. Ndivyo tulivyoumbwa. Uzito wote wa mwili basi huangukia kifundo cha mkono.

Wazungu wa karne ya 19 walilijua jambo hili vyema. Baiskeli zao za miaka ya 1870 zilikuwa na gurudumu la mbele kubwa mno, na mwendeshaji aliketi juu kabisa. Gurudumu likigonga jiwe, alirushwa mbele kwa kichwa na mikono. Mwaka 1885, huko Coventry, Uingereza, John Kemp Starley alitengeneza baiskeli ya magurudumu mawili yanayokaribia kulingana, ambayo miguu ya mwendeshaji inaweza kufika chini. Funzo la kwanza ni hilo, mama. Mtoto anayepitisha mguu chini ya chuma cha baiskeli ya baba yake hawezi kukanyaga ardhi anapoyumba. Mpe baiskeli inayomtosha. Akiwa amesimama juu yake, nyayo zote mbili ziguse ardhi.

Miaka mitatu baadaye, 1888, daktari wa mifugo aliyeitwa John Boyd Dunlop, akiishi Belfast, alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo. Alianza kwa kumtengenezea mwanawe mdogo, ambaye baiskeli yake ya magurudumu matatu ilimtikisa sana barabarani. Hata leo tairi ndilo linalopokea mshtuko wa kwanza kabla haujafika mkononi. Lisijazwe likawa gumu kama jiwe, wala lisiwe bapa. Mfundishe mtoto pia kukunja viwiko kidogo na kunyoosha kifundo sambamba na mkono, asiegemee usukani kwa viganja.

Funzo la tatu latoka Marekani. Mwezi wa Oktoba 1976, vijana wa Marin, jimbo la California, walianza kushindana kuteremka mlima kwa baiskeli kuukuu. Breki zao za nyuma zilipata moto hadi grisi ikaungua, ikabidi ijazwe upya. Ndiyo sababu mashindano hayo yakaitwa Repack, yaani kujaza tena. Mchezo huo ulikua hata ukaingia Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Kwa hiyo kagua breki kabla mtoto hajateremka mlima. Hakikisha pia vidole vyake vinafikia vishikio vya breki bila kujivuta. Glavu huzuia michubuko na utelezi wa jasho, lakini haziwezi kuzuia mfupa kuvunjika. Kofia ngumu ya kichwa nayo isisahauliwe.

Je, akiumia? Hapa tumkumbuke Abraham Colles, daktari mpasuaji wa Dublin, Ireland. Mwaka 1814 aliandika kwamba majeraha mengi ya kifundo yaliyodhaniwa kuwa ni kuteguka yalikuwa mfupa kuvunjika karibu na kifundo. Aliyajua hayo kwa kutazama na kupapasa tu, kwani picha ya eksrei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Imepita miaka zaidi ya 200, na bado twasikia nyumbani: "Ameteguka tu, mkande kwa maji moto."

Mama, usimkande, usimchue, wala usimvute mkono. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini karibu na kifundo ambako mfupa hukulia. Ikiumia na isitibiwe, mkono waweza kubaki mfupi au kupinda. Tena mifupa ya watoto huunga upesi, na ukichelewa huunga vibaya. Mvue bangili na pete, weka gango la katoni ngumu, funga mkono kwa leso ukining'inia shingoni, kisha umpeleke hospitali. Vidole vikiwa baridi, vya buluu au vyenye ganzi, ni dharura. Kijana akiwa na maumivu chini ya kidole gumba, picha ya kwanza yaweza isionyeshe ufa. Daktari akikuambia urudi, rudi.

Plasta nayo ina historia. Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, alieleza bandeji ya jasi mwaka 1852. Plasta humsaidia mtoto, lakini ikibana kwa sababu mkono umevimba, huzuia damu. Maumivu yakizidi, au vidole vikifa ganzi, rudi hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana. Usiilowanishe, wala usiingize kijiti ndani kujikuna.

Watoto wetu wataendelea kupanda baiskeli, na ni vyema wapande. Kazi yetu ni kukagua kabla ya safari na kutochelewa baada ya kuanguka.