Urefu wa wimbi

urefu wa wimbi (nomino ambatani, u-, alama: λ). Umbali kati ya kilele kimoja cha wimbi na kilele kinachofuata. Hupimwa kwa mita au sehemu zake. Kisawe: lukoka.

Maana na mipaka yake. Istilahi hii hukanganywa mara nyingi na *masafa*. Katika lugha ya kila siku, masafa ni umbali: mbio za masafa marefu. Katika utangazaji, masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, nayo hupimwa kwa hezi. Baadhi ya maandishi hutumia neno hilohilo kwa maana ya urefu wa wimbi. Mkanganyiko huu hugeuza maana. Sentensi "masafa yakipungua, nishati ya fotoni huongezeka" ni kweli ikiwa masafa ni urefu wa wimbi. Ni uongo ikiwa ni idadi ya mitetemo. Mfasiri ashike kanuni moja: λ ni *urefu wa wimbi*, *masafa* yabaki kwa mitetemo.

Mfano. Redio iliyoko Nduruma, kusini mwa Mlima Meru mkoani Arusha, ikipokea matangazo ya FM katika masafa ya megahezi 100, urefu wa wimbi unaoifikia ni mita 3 hivi. Mwanga unaoonekana kwa macho katika uwanda huohuo una urefu wa wimbi wa takriban nanomita 400 (zambarau) hadi 700 (nyekundu).

Katika maada. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba mwanga, ingawa ni wimbi, hutoa nishati yake kwa mafungu, kama chembe. Mwaka 1924 Louis de Broglie aligeuza hoja: chembe nayo ina urefu wa wimbi, unaopatikana kwa kugawa kizio cha Planck (6.63 × 10⁻³⁴ J·s) kwa zao la tungamo na kasi. Mwaka 1927 Davisson na Germer walirusha elektroni za volti 54 kwenye fuwele ya nikeli. Zikatawanyika kama mawimbi yenye urefu wa nanomita 0.167 hivi, kiasi kinachokaribia nafasi kati ya atomu. Hali hii ya kuwa na sura zote mbili huitwa *uwili wa wimbi na chembe*.

Mkimbiaji wa kilo 60 anayepita barabara ya Nduruma kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde naye ana urefu wa wimbi: mita 2.2 × 10⁻³⁶. Kiini cha atomu, chenye upana wa takriban mita 10⁻¹⁵, ni kikubwa mno kuliko kiasi hicho. Ndiyo maana hakuna aliyemwona mtu akitawanyika kama wimbi apitapo mlangoni.

Upatanisho. Kivumishi hufuata *urefu*, si *wimbi*: "urefu mkubwa wa wimbi", "urefu mdogo wa wimbi". Epuka "urefu mrefu" na "urefu mfupi". Kwa wingi, sema "mawimbi yenye urefu tofauti". *Chembe* ni ya ngeli ya i-/zi-: chembe hii, chembe hizi.

Tahadhari. Usiandike kwamba elektroni "hugeuka" kutoka chembe kuwa wimbi. Andika: "elektroni huonyesha tabia ya wimbi" au "tabia ya chembe", kulingana na jaribio linalofanywa.

Taz. pia: chembe, fotoni, masafa, mtetemo, wimbi.