Mafumbo ya Umma Mtandaoni: Yanavyopanda, Yanavyofifia

Tarehe 1 Novemba 2021, mchezo wa Wordle ulikuwa na wachezaji 90. Tarehe 2 Januari 2022 walikuwa wamepita 300,000, na wiki moja baadaye walihesabiwa kwa mamilioni. Mtunzi wake, Josh Wardle, fundi wa programu kutoka Wales aliyekuwa akiishi Brooklyn, aliutengeneza kwa ajili ya mwenzi wake aliyependa michezo ya maneno. Haukuwa na matangazo, haukumtaka mtu ajisajili, na kwa siku ulitoa neno moja tu la herufi tano. Mwezi huohuo wa Januari haujaisha, gazeti la New York Times lilikuwa limeshaununua kwa fedha zisizopungua dola milioni moja.

Kilichousukuma ni kitu kidogo sana. Wachezaji wa New Zealand walianza kuwaonyesha wenzao matokeo yao kwa kupanga vimraba vya kijani, njano na kijivu, kimoja kimoja, kwa mkono. Wardle alipoona hivyo akaongeza kitufe cha kuvipanga vyenyewe, katikati ya Desemba 2021. Vimraba vile havikufichua jibu, ila vilieleza kisa kizima: hapa nilibahatisha, hapa nilipotea, hapa nikaokoka kwenye jaribio la sita. Kila aliyeviona bila kujua maana yake aliuliza, na kila aliyeuliza akawa mchezaji. Wimbi la namna hiyo lina kikomo chake ndani yake. Ikishafika siku ambayo hakuna tena wa kuuliza, vimraba vinageuka kelele.

Kabla ya siku hiyo kufika, watunzi walizuka kila upande. Quordle uliwapa watu maneno manne kwa mpigo. Worldle ulionyesha umbo la nchi na kumtaka mchezaji aitaje. Absurdle ulihamisha jibu kila mtu alipolikaribia. Heardle ulipiga mwanzo wa wimbo, sekunde moja tu, na kuongeza kidogo kila ulipokosa. Kati ya yote, huo wa Heardle ndio ninaoufikiria mara nyingi. Spotify waliununua Julai 2022, wimbi likiwa limeshaanza kupungua, na tarehe 5 Mei 2023 wakaufunga. Waliokuwa bado wanaucheza kila asubuhi hawakuuacha wao. Waliondolewa.

Mafumbo yaliyotungwa na watu wa kawaida yanapofifia, lawama ya kwanza huwa kwamba watu wamechoka. Uchovu upo, na mtu hawezi kulazimishwa kupenda jambo lilelile miaka yote. Lakini ukiifuatilia historia ya miaka ishirini hivi iliyopita utaona kwamba uchovu hupunguza umati tu. Kinachoua ni kwamba mahali fumbo lilipowekwa si pa mtunzi wala si pa wachezaji, na mwenye mahali ana hesabu zake.

Chukua enzi za Flash, programu iliyoendesha michezo ndani ya vivinjari. Wengi waliopita kwenye intaneti kafe mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliicheza michezo yake bila kujua jina la programu iliyoiendesha. Mwaka 2004 Mjapani Toshimitsu Takagi alitoa Crimson Room: unazinduka katika chumba chekundu, mlango umefungwa, na huna la kufanya ila kubofya kila kona, chini ya mto, nyuma ya pazia, ndani ya droo, mpaka vitu vianze kuoana. Wachezaji waliotoka chumbani humo wengi walirudi kutengeneza vyumba vyao. Tovuti kama Newgrounds, iliyoanzishwa na Tom Fulp mwaka 1995, zilipokea kazi ya yeyote, mwanafunzi au fundi, na umma ndio ulioipigia kura. Aina hiyo ya fumbo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba mwaka 2007 Takao Kato wa kampuni ya SCRAP aliitoa kwenye skrini na kuifanya chumba cha kweli huko Kyoto, watu wakifungiwa ndani na kutafuta njia ya kutoka. Biashara ya vyumba hivyo imesambaa duniani tangu hapo.

Mwisho wa Flash ulitoka kwa wakubwa. Aprili 2010 Steve Jobs wa Apple aliandika barua ya wazi akieleza kwa nini simu za kampuni yake hazitaipokea. Watu walipohamia kwenye simu, michezo ile ikabaki nyuma. Julai 2017 Adobe, wenye Flash, walitangaza kuwa wataiacha, wakaiacha tarehe 31 Desemba 2020, na tangu 12 Januari 2021 programu yao ikakataa kabisa kuendesha kazi zilizotengenezwa nayo. Watu wa kujitolea walishatangulia kuokoa kilichookoleka. Mradi wa Flashpoint ulikusanya maelfu kwa maelfu ya michezo, Ruffle ukaiwezesha kuendeshwa upya kwenye vivinjari vya leo, na Internet Archive wakaipa rafu. Nawaheshimu sana watu hawa. Hata hivyo mchezo uliookolewa haurejeshi ule mtindo wa mtu kumaliza chumba cha mwenzake jioni na kuanza kuchora chake usiku.

Kisa kilichonigusa zaidi katika historia hii nzima ni cha Super Mario Maker. Nintendo waliutoa Septemba 2015 kwa mashine ya Wii U. Badala ya kumuuzia mtu leveli zilizokwisha kujengwa, walimpa matofali, mabomba, miba na maadui, ajenge mwenyewe na kuwapelekea wengine. Kufikia Mei 2016 leveli zilizopandishwa mtandaoni zilikuwa zimepita milioni saba. Sharti lilikuwa moja: huruhusiwi kupandisha leveli kabla hujaimaliza mwenyewe. Kwa hiyo hata ile ya kikatili kuliko zote ilikuja na dhamana kwamba inapitika, kwa kuwa yupo binadamu mmoja aliyeshaipita.

Umati haukukaa. Mashine mpya, Switch, ilitoka mwaka 2017, toleo la pili la mchezo likafuata Juni 2019, na tarehe 31 Machi 2021 upandishaji wa leveli mpya kwenye Wii U ukasimamishwa. Kwa hesabu za soko, mchezo ulikuwa umekwisha. Lakini kilikuwepo kikundi kilichojiita Team 0%, kilichojipa kazi moja: kutafuta leveli ambazo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuzimaliza, na kuzimaliza zote. Nyingi hazikuwa ngumu hata kidogo. Zilijengwa na watu wasio na jina, labda watoto, zikapelekwa mtandaoni, na hakuna aliyepita kwa bahati akafika mwisho. Kikundi kilizifungua moja baada ya nyingine. Ninaona heshima kubwa katika kazi hiyo: kila mtunzi aliyeweka kitu mbele ya umma, hata kiwe kibovu, alipata angalau mtu mmoja wa kukipokea mpaka mwisho.

Oktoba 2023 Nintendo walitangaza kuwa seva za Wii U zitazimwa Aprili mwaka unaofuata, na kazi ikawa mbio. Kufikia Machi 2024 zilibaki leveli mbili. Ya kwanza, iliyoitwa The Last Dance, ilimalizwa katikati ya mwezi huo. Ya pili, Trimming the Herbs, ilikuwa fupi lakini kila hatua ilidai kitufe kibonyezwe kwa usahihi wa sehemu ndogo kabisa ya sekunde, na mabingwa walijaribu bila mafanikio. Ndipo mtunzi wake alipokiri kwamba hakuipita kwa mikono yake. Alitumia kifaa kilichobonyeza vitufe badala ya vidole. Dhamana ilikuwa imevunjwa tangu 2017, na watu walihangaika na fumbo ambalo halikuwahi kuwa na mteguaji. Kikundi kilitangaza kuwa leveli hiyo haihesabiki, kwa hiyo kazi imekamilika. Wachezaji hawakuiacha. Tarehe 5 Aprili mmoja wao aliipita, kwa mikono, na tarehe 8 seva zikazimwa.

Kumbe mchezo uliodhaniwa umekufa ulifuatiliwa kwa moyo wote katika wiki zake za mwisho, hata na watu wasioucheza. Ndiyo maana nasita kupima uhai wa fumbo kwa idadi ya wachezaji. Kwetu kitendawili hutegwa jioni baada ya jioni mbele ya watu wachache, anayekitegua huchukua zamu ya kutega, na anayeshindwa hutoa mji. Zamu ndiyo inayokiweka hai, na hakuna mwenye mali anayeweza kuizima.

Machi 2024, wakati mbio za Mario zinaelekea ukingoni, New York Times walikuwa wakipeleka madai ya hakimiliki dhidi ya waliotengeneza michezo inayofanana na Wordle. Yalimfikia pia mwenye Reactle, mmoja wa michezo hiyo, aliyeuweka msimbo wake wazi, na nakala zaidi ya elfu moja zilizotokana nao. Matoleo ya Kikorea na ya Kibosnia yalikuwa kati ya yaliyoguswa. Sheria inaweza kuwa upande wa gazeti. Mimi nawaza mtu aliyekaa na orodha ya maneno ya lugha yake, akayachuja yenye herufi tano, akaondoa matusi na majina ya watu, ili jirani zake wacheze kwa lugha ya mama. Kazi ile haikumnyang'anya mtu senti.

Maki Kaji alichagua njia nyingine. Jarida lake la Nikoli, lililoanza Japani mwaka 1980, lilijengwa juu ya mafumbo yanayotungwa na wasomaji wenyewe kwa mkono. Mwaka 1984 lilichapisha fumbo la namba lililowahi kutoka Marekani mwaka 1979, likalipa jina la Sudoku, na jina hilo halikusajiliwa nje ya Japani. Wayne Gould, jaji mstaafu wa Hong Kong, alilikuta dukani Tokyo, akaandika programu ya kulizalisha, na tarehe 12 Novemba 2004 gazeti la The Times la London likaanza kulichapa. Homa ya Sudoku iliyofuata mwaka 2005 ilikuwa ya mafumbo ya kompyuta, yanayotoka kwa maelfu na yasiyokumbukwa hata moja, na homa hiyo ilipungua kama nyingine zote.

Kilichorudi baadaye ni yale ya mkono. Mei 2020 Simon Anthony wa chaneli ya YouTube ya Cracking the Cryptic alipokea Sudoku ya Mitchell Lee yenye tarakimu mbili tu katika vyumba 81, pamoja na masharti machache ya ziada. Mwanzoni alidhani anataniwa. Kwa takriban dakika 25 alilifungua kwa sauti, hoja baada ya hoja, na video hiyo imetazamwa zaidi ya mara milioni moja. Kwenye ukumbi wa mafumbo wa Logic Masters Deutschland, chama cha Wajerumani wapenda mafumbo, yeyote anaweza kuweka lake, na walioliweza hulipatia alama za ugumu na za uzuri. Mengi hupata wateguaji wachache tu, na baadhi ya hao wachache hurudi wakiwa na la kwao.